Mtaa Uwe Mlango, Usiwe Boma

Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa chama na wageni waliohamia mji wa Kigali



Wazee wetu waheshimiwa, ndugu zangu wa kiume na wa kike, na ninyi wageni wetu mliofika karibuni,

Viongozi wa chama wamenitaka niseme maneno machache juu ya kuhama na kukaa katika mji usioujua. Nawashukuru kwa heshima hiyo. Jambo lenyewe si geni kwetu. Wengi wetu tuliokaa katika ukumbi huu tukihesabu babu zetu hatufiki mbali kabla ya kumkuta mmoja aliyeingia nchi hii na mzigo kichwani, akitoka Ujiji au Tabora, Manyema au pwani. Wengine ni wenyeji halisi wa milima hii, ambao wazee wao waliingia katika dini kwa kuishi jirani na hao waliokuja. Basi asemaye habari za mgeni mbele yetu asema habari za nyumba zetu wenyewe.

Neno nililo nalo ni moja, nami nitalisema tangu sasa ili nisiwachoshe kwa kulitafuta. Mtaa wa watu wa dini yako na lugha yako ni neema kubwa siku unapofika. Lakini mtaa huo huo waweza kukufunga ukiutegemea peke yake mwaka wa pili, wa tano na wa kumi. Yatupasa sisi wenyeji kuufanya mtaa wetu uwe mlango wa kuingilia mjini, na yampasa mgeni aupite mlango huo, asikae kizingitini.

Natumia maneno ya mlango na boma kwa sababu historia ya mahali hapa imetufundisha tofauti yake. Mji wa Kigali si wa kale kama Mombasa au Zanzibar. Mjerumani Richard Kandt aliweka makao yake hapa mwaka 1907. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanya biashara kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Wengi wao walikuwa Waislamu, na Kiswahili ndiyo lugha waliyosikilizana kwayo. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Al-Fat'h, na mpaka leo watu wasali mahali hapo. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, mambo yaligeuka. Katika utawala wao Waislamu wa mji walitengwa upande wa Biryogo, na makazi yao yakajulikana kwa jina la Kambi ya Waswahili. Mtu wa kambi hakuwa na uhuru wa kutoka na kuingia kama apendavyo. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao huko. Hivyo Mwislamu akajua biashara, udereva na ufundi, lakini akawa mbali na kalamu na ofisi. Jirani wa mlima wa pili alimwona kama mgeni, ingawa amezaliwa hapo.

Boma lile lilikuwa la amri ya serikali. Amri hiyo imekwisha zamani. Lakini liko boma jingine lisilo na askari wala lango, nalo hujengwa na mtu mwenyewe kidogo kidogo. Anapanga chumba kwa Mswahili, ananunua kwa Mswahili, anafanya kazi kwa Mswahili, anazungumza na Mswahili, na baada ya miaka mingi akiulizwa jina la mtu wa nyumba ya tatu hana la kusema. Mtu huyo anakaa Kigali kwa mwili tu.

Ndugu zangu, hatuna haja ya kutafuta mbali mfano wa kuhama kuliko kwema. Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wasallam, alipohamia Madina mwaka 622, aliwafunga udugu Muhajirina waliotoka Makka na Ansari waliokuwa wenyeji. Kila mtu wetu amesikia tangu chuoni habari ya Abdurrahman bin Auf na Saad bin Rabii. Saad alikuwa tajiri, akataka kumgawia ndugu yake mgeni nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali hiyo, kisha akataka jambo moja tu, naye ni kuonyeshwa soko. Akaenda sokoni, akauza na kununua samli na maziwa makavu, na hakupita muda mrefu akajitegemea.

Tuitazame habari hii kwa pande zote mbili. Mwenyeji alifungua mkono wote, hakungoja kuombwa. Mgeni hakuudharau mkono ule, wala hakuulalia. Tena Saad, baada ya kutoa alichotoa, hakumzuia ndugu yake kwa wivu asende sokoni kati ya watu wengine. Wazee wa Kiswahili nao wana neno lao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaodhani neno hili ni la ubahili. Mimi naona ni la heshima, maana anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa mji, na anayelishwa daima amehesabiwa kuwa mgeni daima.

Sasa niseme yale ambayo mgeni wa Kigali hana budi kuyajua mapema. Mtu anayetoka Tanzania kwa njia ya Rusumo, akivuka daraja la mto Akagera, hukuta mambo mawili yamebadilika pale pale. Magari yahamia upande wa kulia wa barabara, na saa yarudi nyuma kwa saa moja. Ikiwa Dar es Salaam ni saa mbili asubuhi, Kigali ni saa moja. Hili la saa hurekebishwa kwa kidole. La barabara ni la hatari, kwani miguu na macho yana mazoea yake. Mgeni akifika Nyabugogo kwenye kituo cha mabasi hutazama kulia kama alivyozoea kwao, kumbe gari lililo karibu naye latoka kushoto. Basi mwenyeji akampokee mgeni wake kituoni, na somo la kwanza liwe la kuvuka barabara. Akipanda pikipiki avae kofia anayopewa na dereva, wala wasipande abiria wawili. Anwani nazo zina utaratibu wake: barabara zinazoanza kwa herufi KN ni za Nyarugenge, za KG ni za Gasabo, na za KK ni za Kicukiro. Anayejua herufi hizo hapotei sana katika vilima hivi.

La pili ni lugha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tumefurahi kwa hilo, na katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo mtu aweza kuishi kutwa bila kuhitaji lugha nyingine. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Mama anayekaa nawe kwenye benchi la zahanati ananong'ona Kinyarwanda. Mkutano wa mtaa huendeshwa kwa Kinyarwanda. Jirani akiomboleza, haombolezi kwa lugha rasmi ya serikali, huomboleza kwa lugha ya mama yake.

Tena kwa msemaji wa Kiswahili lugha hii si ukuta mrefu. Mtu ni umuntu, nyama ni inyama, njia ni inzira, na mji ni umujyi. Hata saa za mchana zahesabiwa kama zetu: saa moja ya asubuhi kwao ni saa moya. Maneno mengine walichukua kutoka kwetu, kama iduka na isahani. Lakini mgeni asijiamini mno kwa kufanana huko, kwa maana amata kwao ni maziwa, wala si mate. Aanze na salamu. Mwaramutse asubuhi, mwiriwe baada ya adhuhuri, na murakoze kwa kushukuru. Anayesalimu kwa lugha ya mwenyeji amekwisha kubisha hodi, na jibu lake ni karibu.

La tatu ni ujirani wa serikali. Katika nchi hii umudugudu ndicho kiungo cha chini cha utawala, na ndani yake kuna isibo, yaani kundi la nyumba chache zinazopakana. Mgeni afike kwa kiongozi wa umudugudu siku zake za mwanzo, pamoja na mwenyeji wake na karatasi zake. Asingoje kuulizwa. Anayejitambulisha mwenyewe hupokewa kama jirani, na anayegunduliwa hutazamwa kama mwenye siri. Maombi mengi ya vyeti hupitia mahali pa mtandao paitwapo Irembo. Neno hilo kwa Kinyarwanda ni mwingilio wa mbele wa boma la nyumba, pale mgeni anapobisha. Jina hilo lanipendeza, maana ndilo neno ninalolisema leo.

Kisha iko umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tano, watu wa mtaa hutoka pamoja kufyeka, kuchimba mifereji, kusafisha njia au kumjengea asiyejiweza. Watu wa miaka 18 hadi 65 ndio wanaotazamiwa. Baada ya kazi huwa mkutano. Wako wageni wanaofunga milango yao na kulala asubuhi hiyo, wakidhani wameokoa nguvu zao. Kwa hakika wamepoteza nafasi ambayo fedha hainunui. Mtu uliyeshika naye jembe moja, mkacheka pamoja juu ya mfereji mmoja, hatakupita njiani kama gogo. Nendeni, hata kama hamjui lugha. Mikono husema kabla ya ulimi.

Sasa nafika mahali pazito, nami naomba utulivu wenu.

Katika nchi tunazotoka, kumwuliza mtu kabila lake ni mazungumzo ya kawaida. Huulizwa garini, sokoni, hata kwa mzaha. Mgeni wa Rwanda aliache swali hilo ng'ambo ya Akagera. Wabelgiji waliandika Hutu, Tutsi na Twa katika vipande vya watu katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 maandishi hayo yalikuwa sababu ya mtu kuuawa kwenye kizuizi cha barabara. Katika siku kama 100 waliuawa zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika Gisozi, ndani ya mji huu, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Leo kitambulisho hakina neno hilo. Kila tarehe 7 Aprili nchi huanza maombolezo. Wiki hiyo mgeni asipige muziki, asifanye harusi wala sherehe. Na kama kuna jirani aliyeketi kimya mlangoni pake, amsalimu kwa upole na kupita, au aketi naye bila kuuliza.

Katika siku zile Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha majirani wao nyumbani na misikitini, na wengine walikufa kwa ajili hiyo. Tusijisifu kupita kiasi, maana haikuwa kila mwenye jina la Kiislamu aliyefanya hivyo. Lakini waliofanya walitufundisha jambo moja. Watu wale walikuwa wamekaa mtaa mmoja wa Wahutu na Watutsi, wakasali safu moja na kuoana. Mtu alipokuja kubisha usiku, aliyekuwa ndani aliijua sauti yake. Huwezi kumfungulia haraka mtu usiyemjua, naye hawezi kukukabidhi roho yake. Ujirani haufanywi siku ya msiba. Hufanywa siku za kawaida, kwa kuazimana chumvi na kusalimiana, na siku ya msiba hutumiwa tu kile kilichowekwa akiba.

Basi mgeni asijiulize tu, "Nani atanisaidia mimi?" Ajiulize pia, "Kama jirani yangu atabisha usiku, je, nitaitambua sauti yake?"

Sasa nigeukie wenyeji, nami nimo miongoni mwao. Karibu yetu ni nzuri, na yasifiwa. Lakini yako mambo yanayojificha chini ya mkeka wa ukarimu, na lazima tuyatoe nje. Wako wenye maduka wanaompokea kijana aliyetoka Kigoma au Bukoba, wakampa pahali pa kulala kati ya magunia, wakamwambia, "Hapa ni kwenu." Kisha wanamfanyisha kazi miezi mingi bila mshahara, na akiuliza huambiwa hana shukrani. Wako wanaomshikia hati yake ya safari eti kwa kuitunza. Huyo hakukaribishwa, amefungwa kwa kamba ya chakula. Ujira ni haki ya mfanyakazi, na chakula cha ugeni hakiwezi kuulipa. Atakayefanya hivyo asitumie jina la chama hiki wala jina la dini kujifunika.

La pili kwa wenyeji ni hali ya wake wa wageni. Mume huhama kwa ajili ya kazi, na kazi humfundisha mji. Hujifunza njia, hesabu za faranga na majina ya watu. Mke hubaki ndani na watoto, na baada ya mwaka mmoja mume amekuwa mtu wa Kigali, ilhali mke bado yupo Tanga kwa moyo, hajui hata njia ya zahanati. Kina mama wa chama hiki, kazi hii ni yenu kuliko yetu. Mchukueni mwenzenu soko la Kimironko, mwonyesheni jinsi ya kupatana bei. Mfundisheni maneno ishirini ya Kinyarwanda kabla hamjamfundisha kupika isombe, naye atawafundisha mapishi ya nazi.

La tatu ni watoto. Lugha ya kufundishia katika shule ni Kiingereza, na Kinyarwanda ni somo. Mtoto aliyeanza shule kwa Kiswahili katika nchi jirani hukaa darasani siku za mwanzo kama kiziwi. Walimu huweza kumdhani mzito wa akili. Mzazi asione haya kwenda shuleni kueleza, na vijana wetu waliosoma wakubali kuwasomesha watoto hao baada ya alasiri. Wazee wetu walibaki nyuma ya kalamu kwa sababu ya kambi. Wajukuu wao hawana kambi, basi wasibaki nyuma kwa sababu ya uvivu wetu.

La nne ni ugonjwa na mauti. Chama hiki kimezoea kuuguza na kuzika, na hiyo ni katika amali zake bora. Lakini huwa yatokea kwamba mgeni afa, na hakuna anayejua jina la baba yake wala nambari ya simu ya ndugu zake. Twamsalia na kumzika, na huko kwao mama yangali akimwekea chakula. Kila mgeni aandike jina lake kamili, mji wake, na nambari za jamaa wawili. Karatasi moja aiache kwa katibu wa chama na ya pili kwa jirani wa nyumba ya pili. Na huyo jirani si lazima awe Mwislamu. Lililo lazima ni kwamba awe karibu.

Ndugu zangu, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 Kigali ina watu zaidi ya milioni 1.7. Sisi ni wachache ndani yao, na Waislamu wa Rwanda yote ni kama asilimia 2 tu. Watu wachache wanaojifungia husahauliwa na kushukiwa. Watu wachache wanaotoka wakashika jembe na jirani hujulikana kwa majina yao. Mgeni ataendelea kula pilau yetu siku ya Idi, atasali nasi Ijumaa, ataoa na kuoza kwetu. Hatumwambii auache mtaa. Twamwambia awe na njia ya kutoka na kurudi.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaomba kila aliyefika kwetu mwaka huu awe sababu ya kupona kwa mtaa wake, na kila mwenyeji awe tayari kuonyesha soko lilipo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika safari hii, awape afya waliobaki nyuma katika miji tuliyotoka, na atujaalie amani katika nchi hii iliyotupokea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.